Nguzo Iliyohamia Kivulini

Hakuna aliyemkataza Mama Kofia kuihamisha ile nguzo, na hilo tuliweke wazi tangu mwanzo, maana baadaye watu walisema mengi. Mambo mengine mtu hayakatazi kwa sababu hayamjii akilini. Nani angefikiria kumwonya mhudumu wa wageni wa hifadhi, mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na heshima zake, kwamba asing'oe bomba la chuma lililomwagiwa zege?

Nguzo yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa bomba lililomfika mtu kifuani, limepakwa rangi ya kijani, na juu yake kibao chenye mchirizi wa kuegeshea simu. Kibaoni paliandikwa: Weka simu hapa. Piga picha ya ziwa. Itume kwa namba hii. Mtaalamu wa maji wa hifadhi ndiye aliyeisimika miaka minne nyuma, juu ya kilima kidogo kinachotazama ziwa la viboko. Alisema hifadhi haina mtu wa kulichungulia ziwa kutwa kucha, lakini wageni hawakosekani, na kila mgeni ana simu. Kila mmoja akipiga picha moja tu kutoka mahali palepale, basi mwaka hata mwaka wataona jinsi ukame unavyolila ziwa, na watajua la kufanya kabla viboko hawajabaki wameganda kwenye tope. Wageni waliupenda mpango huo. Mtu alikuja kutazama viboko, akaondoka akijiona naye amefanya kazi ya maana.

Sasa, kilima kilikuwa kipara. Mama Kofia alipoanza kazi pale, mtu aliweza kusimama juu yake adhuhuri akapiga soga. Miaka hii jua lilikuwa limebadilika tabia. Saa nne asubuhi lilishakuwa na hasira za saa saba. Yeye ndiye aliyeweka lile kasha la kofia za majani pale getini, akimwazima kila mgeni aliyekuja kichwa wazi, na jina likamkaa. Alikuwa na msimamo wake: mgeni anayeungua haoni mnyama, anaona jua tu.

Halafu mwalimu mmoja akazirai kilimani akiwa katikati ya kuwahesabu wanafunzi wake. Wiki ile ile akazirai bibi harusi aliyekuja fungate, na bwana harusi aliyembeba kumshusha akazirai naye hatua kumi mbele, wote wawili wakapepewa kwa kofia mpaka wakakumbuka kwamba wameoana. Mama Kofia hakuweza tena. Kesho yake alikwenda karakana kwa shemeji yake.

Huyo shemeji alikuwa fundi wa hifadhi, mdogo wake marehemu mumewe, na kwa miaka ishirini wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kuchokozana. Fundi alisikiliza, akasema kwamba shemeji yake angekuwa na nguvu za mikono kama alizo nazo za mdomo asingehitaji fundi, kisha akachukua jeki na koleo. Waling'oa nguzo, wakavunja zege yake ya juu na kuiacha ya chini ardhini, wakaiteremsha nguzo hadi chini ya mgunga mkubwa uliopo ukingoni kabisa mwa ziwa, upande wenye kina, nyuma ya ukuta wa mawe. Kivuli kilikuwa kizito, upepo ukitoka majini. Wageni walishukuru mpaka wengine wakapiga picha tatu tatu. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, naye Mama Kofia alitenda, akaenda zake.

Mtaalamu wa maji hakuwapo. Alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na Mungu alimpa pacha, kwa hiyo hata simu alikuwa hapokei. Meza yake ilishikiliwa na karani wa takwimu, kijana mpya, hodari wa kompyuta, ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kufika ziwani kwa sababu aliogopa viboko.

*

Ilipita miezi miwili na nusu. Jumatatu moja Mkuu wa hifadhi aliwaita watumishi wote kwenye chumba cha mikutano, kile chenye feni inayozunguka kwa kulalamika. Mkuu alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kufurahi, na siku hiyo uso wake ulikuwa unang'aa. Alimwambia karani awashe mashine, na ukutani ikatokea grafu.

Karani alieleza kwamba kompyuta huchukua kila picha ya mgeni na kuhesabu ni sehemu gani ya picha imejaa maji. Kwa miaka minne mstari ulikuwa unashuka: nusu ya picha, ikawa theluthi, ikawa chini ya theluthi. Lakini tazameni, akasema, akagusa ukuta kwa rula. Mwezi wa tatu mstari uliruka juu, na tangu hapo haujashuka. Maji yalikuwa yamejaa zaidi ya nusu ya picha, tena wakati wa kiangazi.

Watu wakapiga makofi. Mama Kofia naye alipiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa aliwapenda wale viboko kumi na mmoja, hasa dume kubwa waliloliita Mwenyekiti kwa jinsi lilivyolala mchana kutwa na bado wote wakaliogopa.

Mkuu akasimama kutoa habari yenyewe. Kwa kuwa ziwa limepona, alisema, hifadhi inaweza sasa kuyagawa maji ya kijito kinacholilisha ziwa. Ijumaa Mkurugenzi atakuja kutoka makao makuu kufungua koki kubwa ya juu, na kijito kitapelekwa kambini, kwenye mabafu ya wageni na kwenye bwawa jipya la kuogelea ambalo shimo lake lilikuwa limeshachimbwa. Wageni wanateseka na joto, Mkuu alisema kwa uchungu wa kweli, na hifadhi lazima iwafikirie. Siku hiyo hiyo Mama Kofia atapewa cheti cha mtumishi bora, maana tangu mwezi wa tatu picha za wageni zimeongezeka mara tatu na kila mgeni anamsifu.

Mwezi wa tatu. Mama Kofia alikuwa bado anapiga makofi neno hilo lilipomfikia. Mikono yake ilikutana mara moja zaidi, polepole, ikabaki hivyo.

Mwezi wa tatu ndipo walipoihamisha nguzo. Kutoka kilimani, nusu ya picha ilikuwa majani makavu na ziwa lilikuwa kule mbali. Kutoka chini ya mgunga, maji yalianzia miguuni pa mpiga picha. Ziwa halikupanda hata kidole. Nguzo ndiyo iliyoshuka. Na Ijumaa, kwa sababu ya huruma yake, kijito pekee kinachowalisha viboko kitageuzwa kwenda kujaza bwawa la kuogelea, na kiangazi bado kilikuwa na miezi mitatu ya kula.

Wenzake walimpongeza kwa ajili ya cheti. Aliwaitikia ahsante, ahsanteni sana, akaenda moja kwa moja karakana.

*

Fundi alikuwa anapiga randa ubao aliposikia habari hiyo. Aliacha randa, akakaa juu ya tofali, na kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini hakuwa na utani mdomoni. Ulimchukua dakika nzima kurudi.

"Shemeji," akasema, "funika kombe mwanaharamu apite. Twende tuirudishe kimyakimya. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo baya, lakini mtu anayezama hachagui kamba. Siku ya pili walipanda kilimani na futi kamba na koleo, wakamkuta adui ambaye hawakumtarajia. Ngiri. Familia nzima ya ngiri ilikuwa imehamia kilimani ikachimbua mizizi kila pembe, na mahali palipokuwa na shimo moja la nguzo sasa palikuwa na mashimo kama sitini, yote ya ukubwa mmoja. Mama Kofia alikumbuka kwamba walihesabu hatua tisa kutoka kwenye jiwe jeupe. Fundi aliapa ni kumi na nne. Yeye alikuwa amebeba nguzo, alisema, na mwenye mzigo ndiye anayejua urefu wa njia. Mama Kofia akamjibu kwamba mwenye mzigo alikuwa anapepesuka, akaenda hatua kumi na nne kwa mwendo wa hatua tisa. Walibishana mpaka ngiri wenyewe wakatoka kutazama.

Tena, hata wangelipata lile shimo, ingesaidia nini? Grafu ingeanguka ghafla kesho yake, na karani angesema mtu ameiba maji. Uongo ungehitaji uongo mwenzake wa kuushikilia, na njia ya mwongo ni fupi. Mama Kofia alifuta vumbi magotini. Alimwambia shemeji yake kwamba hapana, atakwenda kwa Mkuu akaseme.

Kusema ni rahisi ukiwa na ngiri. Siku ya tatu alikwenda ofisini kwa Mkuu mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta akichagua utepe wa kufunga kwenye usukani wa koki, na Mkuu akamuuliza yeye kama mwanamke ni upi mzuri, mwekundu au wa buluu. Mama Kofia akasema mwekundu, akatoka. Mara ya pili alimkuta akimpigia mkewe simu kumweleza jinsi ziwa lilivyopona, akicheka kwa raha, na akamwonyesha Mama Kofia kidole gumba huku simu ipo sikioni. Alitoka tena. Alijiona mwoga, na alikuwa kweli mwoga, kwa sababu kosa lenyewe lingekuwa la uvivu au la wizi angejua namna ya kuliungama. Kosa la wema lilikuwa halina mlango wa kutokea. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikwenda kwanza ukutani kumtazama Mwenyekiti. Dume lilikuwa limeegesha kidevu juu ya jiwe lake bapa, macho nusu, halina habari.

*

Alhamisi alikuja mzee mmoja wa darubini.

Alikuwa mstaafu wa shirika la reli aliyetembelea hifadhi kila mwaka kwa wiki moja, akihesabu ndege kwenye daftari kama alivyokuwa akihesabu mabehewa. Mama Kofia alimpa kofia yake ya kila mwaka. Mzee akaenda ukingoni, akarudi baada ya nusu saa na uso wa mtu aliyekuta kituo cha treni kimehama. Alisema amepiga picha kama kawaida lakini ziwa halifanani na ziwa lake. Kisha akafungua simu. Alikuwa nazo zote, picha ya kila mwaka, nne, zimepangwa na tarehe.

Mama Kofia aliziangalia, akajikuta amesema yote. Alimsimulia mwalimu, maharusi, jeki, grafu, koki, utepe mwekundu. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kama watu wa reli wanavyosikiliza habari za ajali.

"Mama," akasema mwishowe, "mahali hapapotei. Picha inajua iliposimama."

Akamwonyesha. Katika picha zake zote, ncha ya mti mkavu uliokuwa ng'ambo ilichomoza hasa katikati ya vilima viwili, na jiwe la Mwenyekiti lilificha shina la mkindu mmoja. Ukiwa pengine popote vitu hivyo havipatani. Kwa hiyo mtu ashike picha mbele yake, atembee mpaka dunia ifanane na picha. Akifika hapo, amefika.

Wakapanda. Mama Kofia alishika simu ya mzee, mzee akashika darubini, fundi akafuata na koleo. Dakika tano hazijapita, familia moja iliyokuwa ikishuka ikauliza wanatafuta nini. Mama Kofia hakuwa tena na nguvu za kuficha. Aliwaambia. Baba wa familia akasema mbona yeye naye alikuja mwaka juzi, akaanza kupekua simu yake. Mkewe akaipata kabla yake. Wakaja wasichana wanne wa chuo, mmoja wao akiwa na picha ambayo dada yake alimtumia. Baada ya muda kidogo kilima kipara kilikuwa na watu kumi na watano waliovaa kofia za majani, kila mmoja ameinua simu usoni, wakirudi kinyumenyume, wakigongana, wakiombana radhi. Huyu alisema kushoto, yule akasema nyuma, binti mmoja akatumbukia kwenye shimo la ngiri hadi gotini akatoka akicheka. Fundi alisema tangu azaliwe hajaona watu wazima wakicheza mchezo mzuri kama huo bila mpira.

Polepole walianza kukaribiana. Hakuna aliyewapanga. Kila mmoja alifuata picha yake, na picha zikawakusanya, mpaka wote wakawa wamebanana bega kwa bega mahali pamoja, simu zikigusana, na mti mkavu upo kati ya vilima kwenye kila skrini.

Fundi aliomba njia, akachoma koleo katikati ya miguu yao. Chuma kikagonga zege.

Zilikuwa hatua kumi na moja. Hakuna aliyeshinda, na walikuwa na furaha mno kugombania hilo.

Ndipo Mama Kofia akapiga picha, akaiweka kando ya zile nne za mzee. Kicheko kikamwishia. Mwaka wa kwanza jiwe la Mwenyekiti lilikuwa kisiwa. Mwaka wa pili na wa tatu lilikuwa kisiwa bado, kikubwa zaidi. Mwaka jana lilishikana na nchi kavu kwa ulimi mwembamba wa tope. Leo lilikuwa jiwe tu kwenye majani, na ziwa lilikuwa mkanda mwembamba nyuma yake, haufiki robo ya picha. Alikuwa amelitazama ziwa hilo kila siku kwa macho yake na hakuliona likienda. Mama wa ile familia, ambaye hata hawakuwa wanajuana, akamshika mkono.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi alisimama mbele ya meza ya Mkuu na hakutoka. Alisema yote kwa pumzi moja, akaiweka simu yenye ile picha mezani.

Mkuu aliitazama muda mrefu. Raha ilimtoka usoni kidogo kidogo, na Mama Kofia alimwonea huruma, akajua pia kwamba huruma ndiyo iliyowafikisha hapo. Nje gari la makao makuu lilikuwa linaingia getini.

"Tutalizungumza Jumatatu," Mkuu alisema, akisimama kufunga vifungo vya koti.

Mama Kofia alimwambia kwamba Jumatatu maji yatakuwa bafuni. Mkuu akasema kwa sauti ya chini kwamba wageni wamefika, mama, tafadhali, akatoka mbio kuwapokea.

Ratiba ilikuwa hivi: kwanza Mkurugenzi aoneshwe nguzo maarufu, Mama Kofia aieleze, apokee cheti, kisha msafara uende kwenye koki. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyezoea kuoneshwa vitu. Walisimama chini ya mgunga, maafisa sita na suti zao, watumishi nyuma, mzee wa darubini na wageni wa jana pembeni maana walikataa kuondoka. Upepo ulikuwa mtamu. Mkuu alimpa Mama Kofia ishara aanze. Macho yake yalikuwa yanamwomba.

Akapiga moyo konde.

"Mkurugenzi, mahali pa nguzo hii si hapa," alisema. "Naomba tupande pale kilimani. Kuna jua kali, kwa hiyo kila mtu achukue kofia."

Akazigawa. Hakuna afisa aliyepata muda wa kufikiria kukataa, kwa sababu kofia ilishakuwa kichwani. Walipanda kwa msururu, suti na kofia za majani, mpaka kwenye kile kisiki cha zege. Mama Kofia alimsimamisha Mkurugenzi juu yake, mzee wa darubini akampa simu yenye picha ya mwaka wa kwanza, na Mama Kofia akamwomba aiinue tu, atazame picha, kisha atazame ziwa.

Mkurugenzi alifanya hivyo. Alitazama picha. Alitazama ziwa. Alirudia. Jasho lilianza kumtiririka chini ya ukingo wa kofia, na bado hakushuka.

"Nani aliihamisha?" aliuliza.

"Mimi," akasema Mama Kofia.

"Na mimi," akasema fundi kutoka nyuma. "Yeye alichimba kwa mdomo, mimi kwa mikono."

Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza kwa nini. Mama Kofia alikuwa ameandaa maelezo marefu tangu alfajiri, na yote yalimpotea. Alisema tu kwamba wageni walikuwa wanaungua.

Mkurugenzi alijifuta uso kwa leso, akaitazama leso ilivyolowa. "Ni kweli," akasema. "Wanaungua."

Halafu kila mtu akamtazama Mkuu. Maskini Mkuu. Alikuwa na mkasi wa utepe mfukoni, mpya, umefungwa kwenye kitambaa. Aliutoa, akaushika mkononi kama mtu anayepima uzito wa embe. Alitazama chini ambako Mwenyekiti alikuwa anajivuta kutoka kwenye tope kwenda kwenye maji yaliyobaki, mwendo wa aibu kwa mnyama mwenye cheo chake. Mkuu angeweza kusema kwamba hakuambiwa. Hakuna ambaye angembishia isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo asingembishia.

"Niliambiwa asubuhi hii," alisema, "nikataka lingoje Jumatatu. Koki haifunguliwi."

Akaurudisha mkasi mfukoni, akavua koti. Mama Kofia alitamani kumkumbatia, ila hakuwa na cheo cha kumkumbatia Mkuu, kwa hiyo akamwekea sawa kofia yake iliyokuwa imepinda.

*

Kambini kulikuwa na shimo la bwawa la kuogelea, limesakafiwa vizuri kwa saruji na halina tone la maji. Fundi ndiye aliyeliezeka kwa makuti, akashusha ngazi na mabenchi. Wageni walikuja kukaa humo chini saa za jua kali, miguu kwenye sakafu baridi, wakisema hawajapata kuogelea pakavu namna hiyo. Geti likaanza kufunguliwa alfajiri ili watu watembee kabla jua halijakasirika. Mabafuni palibandikwa tangazo kwamba kijito kimebaki kwa wenyewe, na mgeni anaombwa aoge kwa ndoo moja. Mama Kofia alitarajia manung'uniko. Aliyapata kwa mtu mmoja tu, na huyo naye aliambiwa na wenzake kwenye foleni aende akamlalamikie Mwenyekiti mwenyewe.

Nguzo ilirudi kilimani, juu ya zege yake, hatua kumi na moja kutoka kwenye jiwe jeupe. Juu yake fundi alijenga paa la nyasi lenye miguu minne, pana la kutosha familia nzima. Alisema amechoka kubeba nguzo kuipeleka kivulini, ni zamu ya kivuli kutembea. Mtaalamu wa maji aliporudi na pacha wake mgongoni na kifuani, alizitenga picha za miezi ile peke yake, akamwambia karani kwamba kuanzia leo atakwenda ziwani kila wiki, viboko wapende wasipende. Karani alikwenda. Siku ya kwanza alitetemeka, siku ya tatu akawa anasimulia habari za Mwenyekiti kana kwamba walisoma pamoja.

Mama Kofia alipata barua ya onyo, kwa sababu sheria ni sheria, na wiki hiyo hiyo cheti chake, kwa sababu kilikuwa kimeshachapishwa na Mkurugenzi alikataa kirudishwe. Alivipigilia vyote viwili ukutani nyumbani kwake, kimoja kando ya kingine. Shemeji yake alipokuja kumtembelea alisimama akavisoma, akasema mahakama ya nyumba hii haijui inachotaka.

Kibao cha nguzo kilihitaji rangi mpya, na Mkuu alimwambia Mama Kofia aandike mwenyewe, pamoja na lolote analoona linafaa kuongezwa. Alikaa kilimani asubuhi nzima na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Aliandika yale maneno ya zamani. Weka simu hapa. Piga picha ya ziwa. Itume kwa namba hii. Kisha chini yake, kwa herufi kubwa kidogo kuliko zote, akaongeza mstari mmoja ambao wageni hadi leo wanausoma, wanauliza, na wanasimuliwa:

Nguzo hii isihamishwe, hata kwa huruma.